Timu ya Amri Haina Kesho

Wiki tatu zilizopita tuliitwa kwenye mkutano chini ya mwembe, pale karibu na uwanja wa chini. Tulioitwa tulikuwa makocha wa timu za vijiji, viongozi wa vijana, na sisi tunaofanya kazi na vijana kwa posho ya insentivu. Wageni wa ofisini walikuja na karatasi ya mpango. Watachagua wachezaji 25 walio bora kutoka timu zote za kambi na kuwaweka katika timu moja kubwa. Watapewa jezi, viatu, sabuni na soda baada ya mazoezi. Timu hiyo itacheza na timu za nje, na itapigwa picha.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi langu akaniuliza, "Mwanangu, kumbe wewe unachukia mpira?" Nikamjibu, "Hapana mzee, naupenda kuliko hawa wote." Akacheka akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunitafuta katikati ya maneno: mpango huo ni mbaya. Si mbaya kwa sababu waliouandika ni wabaya, wengine ni rafiki zangu na tunasalimiana kila asubuhi. Ni mbaya kwa sababu tulishaufanya hapa hapa Nyarugusu mara moja, ukatuachia uwanja mtupu. Na wengine walishaufanya kabla yetu, mbali sana na hapa, wakiwa na jeshi zima nyuma yao, nao uliishia palepale. Nianze na hao wa mbali, kwa sababu ya kwetu inauma na nataka kwanza tuelewane.

Habari hii niliisoma kwenye simu, usiku, baada ya mabishano ya vijana kituoni kuhusu timu za jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekolea, jeshi la anga la Ujerumani lilianzisha klabu ya mpira katika mji wa bandari wa Hamburg. Jina lake lilikuwa Luftwaffen-Sportverein Hamburg, kwa kifupi LSV. Hamburg haikuwa na njaa ya timu. Ilikuwa na HSV, mabingwa wa Ujerumani wa mwaka 1923 na 1928. Ilikuwa na St. Pauli, timu ya mtaa wa karibu na bandari. Ilikuwa na Victoria na vilabu vingine ambavyo baba alimrithisha mtoto. Timu zote hizo zilikuwa hoi kwa sababu vijana wao walikuwa vitani. Nchi nzima vilabu viwili au vitatu viliungana ili tu wapatikane watu kumi na mmoja.

Sasa LSV yenyewe ilipata wapi wachezaji? Hapo ndipo pa kusikiliza. Wakati ule karibu kila kijana wa Ujerumani alikuwa amevaa magwanda. Mchezaji akishakuwa askari, anayeamua aende wapi si kocha wake tena, ni kamanda. Na ligi za wakati wa vita zilimruhusu askari kuchezea timu iliyo karibu na kituo chake. Kamanda anayependa mpira anahitaji nini basi? Hahitaji kumbembeleza mchezaji, hahitaji kuongea na klabu yake wala na mama yake. Anahitaji karatasi ya uhamisho na mhuri.

Kwa njia hiyo timu ilijaa watu wakubwa waliotoka mbali. Golikipa alikuwa Willy Jürissen, mtu wa Oberhausen aliyewahi kudakia timu ya taifa. Nyuma alisimama Reinhold Münzenberg wa Aachen, beki wa mechi 41 za taifa, aliyekwenda Kombe la Dunia la 1934 na la 1938. Oberhausen na Aachen ziko magharibi kabisa, Hamburg iko kaskazini. Watu hawa hawakukulia kwenye vumbi la Hamburg, na watoto wa Hamburg hawakuwahi kuwabebea viatu.

Msimu wa 1943/44 LSV iliingia ligi ya mkoa wa Hamburg. Ilicheza mechi 18 na ikashinda zote 18. Mabao yalizidi 100. Wewe mpenda mpira, jiulize: ligi ambayo timu moja inashinda kila mechi ni ligi ya nini? Mtu anakwenda uwanjani kuona nini? HSV na St. Pauli walikuwa wanaingia uwanjani kuhesabiwa, si kucheza.

Na mji wenyewe ulikuwa katika hali gani? Mwisho wa Julai 1943, kabla ya msimu huo, ndege za Uingereza na Marekani ziliupiga mji wa Hamburg kwa zaidi ya wiki nzima. Usiku mmoja moto ukawa kama upepo wa kimbunga, mitaa mizima ikaungua na watu wake. Waliokufa walizidi 30,000. Mamia ya maelfu walikimbia wakabeba walichoweza. Wakimbizi, ndugu zangu. Neno hilo tunalijua lina uzito gani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Oktoba 1943, LSV ikawa kwenye fainali ya kombe la Ujerumani mjini Stuttgart, ikicheza na First Vienna kutoka Austria, nchi ambayo Hitler alikuwa ameimeza. LSV ilifungwa 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Kwa hiyo jeshi ambalo kazi yake ilikuwa kulinda anga la Hamburg lilishindwa kuulinda mji, lakini timu yake ilikuwa inaendelea vizuri sana, asante.

Mwaka uliofuata wakaenda mbali zaidi. Nusu fainali ya ubingwa wa taifa waliwafunga 3-2 Groß Born, ambao nao walikuwa timu ya askari, ya kituo cha jeshi kule Pomerania. Yaani katika timu nne zilizobaki Ujerumani nzima, mbili zilikuwa za magwanda. Tarehe 18 Juni 1944 ikachezwa fainali kwenye uwanja wa Olimpiki wa Berlin mbele ya watu 70,000. Siku kumi na mbili kabla yake, tarehe 6 Juni, majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalikuwa yameshuka pwani ya Ufaransa. Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, na watu 70,000 wamekaa wanaangalia mpira. Dresdner SC, klabu ya kawaida ya watu wa Dresden, iliipiga LSV 4-0. Mmoja wa waliofunga siku ile alikuwa Helmut Schön, ambaye miaka thelathini baadaye, 1974, aliipa Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia akiwa kocha.

Halafu? Halafu hakuna. Serikali ilikuwa imetangaza vita kamili, kila mtu na kila kitu kiende vitani, na mwaka huohuo wa 1944 klabu ikavunjwa. Umri wake wote ni kama miaka miwili. Amri iliianzisha na amri iliifuta. Baada ya vita hakuna mtoto wa Hamburg aliyesema nataka kuchezea LSV kama babu yangu, kwa sababu hakuna babu. HSV ipo. St. Pauli ipo. Timu zilizofungwa ovyo msimu ule ndizo zilizobaki, na ile iliyoshinda mechi 18 kati ya 18 imebaki kwenye orodha za watu wanaopenda takwimu.

Jambo moja zaidi kuhusu hao, nisije nikaonekana nawahurumia wachezaji na kuwasahau wengine. Mkono uliokuwa unachagua nani acheze ndio uliokuwa unachagua nani asiishi. Vilabu vya Ujerumani vilifukuza wanachama wao Wayahudi tangu 1933. Julius Hirsch, Myahudi aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Ujerumani, alipakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz Machi 1943, hakurudi. Huyo alikuwa mchezaji wa taifa kama Jürissen, kama Münzenberg. Mpira haukumkinga, kwa sababu kinga ilikuwa mali ya mwenye mhuri, na mwenye mhuri hakumtaka.

Sasa nije nyumbani.

Najua mtu wa ofisini akifika hapa atakasirika. Atasema, "Huyu kijana anatufananisha na Hitler." Hapana. Nimekula unga wenu, nimesoma kwenye madarasa mliyojenga, mdogo wangu alizaliwa kwenye kliniki yenu. Sifananishi nia, nafananisha njia. Nia nzuri ikipita kwenye njia mbovu inafika mahali pabovu. Njia ninayoisema ni hii: mwenye nguvu anaona timu nyingi dhaifu, anachukua kilicho bora kwa kila mmoja, anajenga kitu kimoja kinachong'aa, anakisifu, na siku nguvu yake ikienda kwingine kitu kinakufa, na zile timu nyingi zilishakufa kabla yake.

Miaka saba iliyopita hapa kambini shirika moja lilianzisha timu ya namna hiyo. Sitaji jina, waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo haiwasaidii. Wakati huo kijiji chetu kilikuwa na timu. Hatukuwa na jezi, tulicheza wenye mashati na wasio na mashati. Mpira wetu ulikuwa umeshonwa mara nne. Nyavu hatukuwa nazo, kwa hiyo kila bao tulibishana dakika tano kama limepita ndani au nje, na mimi nawaambia mabishano yale yalikuwa nusu ya utamu. Jumapili baada ya ibada, watu walijaa. Mama wanaouza karanga na mandazi walijua tarehe za mechi kuliko kocha.

Golikipa wetu alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniita yaya ingawa nilimzidi mwaka mmoja tu. Ndiye aliyefundisha watoto wa kijiji kudaka, kila jioni, kwa mpira wa makaratasi na kamba. Watoto kumi, kumi na tano, wamepanga mstari, kila mmoja anangoja zamu ya kujirusha kwenye vumbi. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemwandika kwenye ripoti.

Timu ya mradi ilimchukua yeye, na beki wetu wa kati, na winga. Hatukuwakataza. Ungemkatazaje mtu viatu? Tuliwasindikiza kwa nyimbo. Miezi miwili baadaye wakaletwa kucheza na sisi, mechi ya kirafiki. Walitufunga 8-0. Golikipa wetu alisimama lango la upande wa pili, amevaa glovu mpya, dakika tisini hakuguswa na mpira hata mara tatu. Baada ya mechi alikuja kunisalimia akiwa anaangalia chini. Akasema, "Yaya, leo nimecheza mpira gani?"

Timu nyingine za vijiji zilipata kipigo kama chetu. Msimu ule haukuisha ligi ya vijiji ikakatika. Kocha mmoja aliacha, mwingine akasema hana wachezaji, wa tatu akasema anao lakini hawaji mazoezini kwa sababu kila mmoja anangoja kuitwa kule kwenye viatu. Watoto wa mstari wa jioni walitawanyika. Wengine walianza kukaa pale penye vibanda vya kuchajia simu, na sisi tunaofanya kazi na vijana tunajua nini kinauzwa nyuma ya vibanda vile.

Mwaka wa pili ufadhili ukaisha. Tuliitwa kikao. Nilikuwepo, nilikuwa nimeanza kazi hii hii. Kikao kilichukua kama nusu saa. Walishukuru, wakasema mradi umefikia malengo yake, wakaomba jezi zirudishwe stoo kwa sababu ni mali ya mradi. Jezi zikahesabiwa. Mbili hazikuonekana. Ndugu msomaji, muda uliobaki wa kikao kile tulijadili jezi mbili. Vijana 25 walikuwa wamekaa hapo mbele, wameambiwa dakika ile ile kwamba hawana timu, na sisi tunauliza jezi namba 6 na namba 14 ziko wapi. Na mimi niliuliza. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, nikaandika: jezi mbili hazijapatikana. Sikuandika kitu chochote kuhusu vijana. Hilo nalibeba mimi.

Golikipa alirudi kijijini. Alirudi kwenye nini? Timu haikuwepo. Watoto walikuwa wamekua kidogo na wamepata mambo mengine. Alijaribu kuita mazoezi, wakaja watano, kesho yake wawili. Baada ya miezi michache alivuka ziwa kurudi upande wa Fizi. Alinipigia simu mara mbili, halafu namba ikawa haipatikani. Watu wanasema mambo, na nyote mnajua kijana wa miaka ishirini asiye na kitu akifika kule ni nani wanakuwa wa kwanza kumkaribisha. Sitaandika uvumi. Sisemi timu ya mradi ndiyo iliyomvusha ziwa. Nasema kwamba kilichokuwa kinamshika hapa kilikuwa mstari wa watoto wa jioni, na mstari ule tuliuvunja sisi kwa mikono yetu, kwa makofi na nyimbo. Mama yake anachota maji kwenye bomba letu. Tunasalimiana.

Sasa majibu ninayoyajua, maana nimeshayasikia.

La kwanza: "Mbona timu za jeshi nyingi zimedumu?" Kweli. APR ya Rwanda ilianzishwa na jeshi mwaka 1993, katikati ya vita, na mpaka leo ipo na makombe yake hayahesabiki kwa vidole. Ulinzi Stars ya Kenya ni ya jeshi, ilianza 1995 na imekuwa bingwa wa nchi zaidi ya mara moja. Hapa Tanzania JKT wana timu. Kwa hiyo sisemi timu ikianzishwa na mwenye nguvu lazima ife. Timu hizo zilipewa nyumba, zikapewa bajeti isiyokatika kila mwezi wa Desemba, zikasajili vijana mwaka hadi mwaka. Mwenye timu bado yupo. Mradi wa miezi kumi na minane si jeshi la Rwanda. Mradi unazaliwa na tarehe ya kufa imeshaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, ila ukurasa huo sisi hatuonyeshwi.

La pili: "Angalau wale 25 walipata kitu." Hili ndilo zito, nami silidharau. Wale wa LSV nao walipata kitu kikubwa kuliko sabuni. Wakati wenzao wanakufa Urusi, wao walikuwa wanapiga pasi. Kocha wa taifa wa Ujerumani, Sepp Herberger, alihangaika kuwaweka wachezaji wake mbali na mstari wa mbele. Mmoja wao, Fritz Walter, alicheza kwenye timu ya rubani mmoja maarufu, kisha vita vilipoisha akakamatwa na kuwekwa kwenye kambi ya wafungwa. Alisimulia mwenyewe kwamba alicheza mpira na walinzi, mlinzi mmoja akamkumbuka kwenye mechi ya taifa aliyoitazama zamani, na hiyo ikamwokoa asipelekwe Urusi. Mwaka 1954 alikuwa nahodha wa Ujerumani Magharibi ilipochukua Kombe la Dunia. Mpira ulimwokoa. Lakini tazama ni nani aliyeokolewa: aliyejulikana. Kwenye kambi ile kulikuwa na maelfu ambao hakuna mlinzi aliyewahi kuwaona kwenye mechi. Mimi nafanya kazi na hao. Kazi yangu si kumtafuta Fritz Walter wa Nyarugusu. Kazi yangu ni wale wa mstari wa jioni ambao hawatawahi kuwa wachezaji wazuri na wanahitaji kujirusha kwenye vumbi hata hivyo.

La tatu, na hili linatoka kwetu wenyewe, wakimbizi: "Tuache tufurahi, hata kidogo. Timu nzuri inatupa heshima mbele ya watu wa nje." Naelewa. Nakumbuka Baraka nilipokuwa mtoto, baba akinibeba begani kwenda kuangalia mpira. Kulikuwa na timu ya askari iliyokuwa haifungwi. Nikamuuliza baba kwa nini haifungwi, akasema, "Refa ana watoto." Nilichelewa miaka mingi kuelewa jibu lile. Timu isiyofungwa kwa sababu hakuna anayeweza kuifunga haimpi mtu heshima. Watu walikuwa wanashangilia, ndiyo, lakini walikuwa wanashangilia huku wakiangalia pembeni. Furaha ya kweli niliiona hapa, kwenye mechi ya wenye mashati na wasio na mashati, ambako kijiji cha sita kilitufunga dakika ya mwisho na mama muuza mandazi akagoma kutuuzia siku mbili kwa hasira.

Basi nataka nini? Mtu akipinga lazima aseme anachotaka, la sivyo ni mpiga kelele.

Kwanza, hela ya timu moja igawanywe kwa timu zote. Jozi 25 za viatu, jezi seti mbili, soda za msimu, gari la kwenda na kurudi: fanyeni hesabu wenyewe kwa bei zenu, halafu mniambie ni mipira mingapi, nyavu ngapi, filimbi ngapi. Timu ya kijiji haihitaji kung'aa, inahitaji mpira usioshonwa mara nne.

Pili, kama lazima iwepo timu ya kambi nzima, iwe kama timu ya taifa. Mchezaji aitwe kwa mechi, acheze, arudi kwenye timu ya kijiji chake wiki hiyohiyo. Asihamishwe. Timu ya taifa haiui klabu, kwa sababu inamrudisha mtu nyumbani.

Tatu, tarehe ya mwisho isemwe siku ya kwanza. Tusiitwe kikao cha nusu saa. Kijana akijua mradi unaisha Juni atapanga maisha yake ya Julai. Na vifaa vibaki vijijini. Jezi iliyovaliwa na kutolewa jasho miezi kumi na minane ina thamani gani stoo?

Nne, wasichana. Kwenye ile karatasi ya chini ya mwembe hakuna mstari hata mmoja kuhusu wasichana. Wapo wanaocheza, asubuhi na mapema kabla ya foleni ya maji, kwa sababu jioni uwanja unachukuliwa na wanaume. Hawaombi timu inayong'aa, wanaomba saa moja ya uwanja jioni. Hilo halihitaji hata mfadhili, linahitaji sisi kaka zao tusogee.

Tano, na hili ni letu sisi kwa sisi, tuache kupiga makofi kabla ya kuuliza. Mwenye kuleta kitu si adui, lakini si baba pia. Anaweza kuulizwa. Swali langu ni moja na nitaliuliza kwenye mkutano ujao, kwa heshima, nikiwa nimesimama: hii timu ikifa, nani atabaki akicheza?

Nimalizie na Hamburg, maana mji ule haukuishia kwenye moto. Kuanzia mwaka 2013 walifika huko wakimbizi wa Kiafrika waliokuwa wamekimbia vita vya Libya na kupita kisiwa cha Lampedusa. Baadaye watu wa Hamburg na wakimbizi wenyewe wakaanza timu, wakaiita FC Lampedusa. Na klabu iliyokuja kuipokea na kuifanya yake ni St. Pauli. Ni ile ile ya bandarini, iliyokuwa kwenye ligi ya Hamburg msimu ule timu ya jeshi inashinda mechi 18 kati ya 18. Ilifungwa, haikufa, na miaka sabini baadaye ilikuwa bado ina uwanja wa kumkaribishia mgeni.

Mkutano ujao ni Alhamisi, palepale chini ya mwembe, saa tisa. Makocha wa vijiji njooni na orodha za watoto wenu, majina yote, hata wasiojua kupiga mpira. Ofisi itakuwa na karatasi yake. Na sisi tuwe na yetu.